Bobby Moore: Beki kijana aliyevaa jezi ya mwalimu wake

KATIKA viwanja vya Tunduma, Vwawa na Mlowo mkoani Songwe, kama ilivyo kwingineko nchini, makocha hukabiliwa kila msimu na swali moja gumu: je, kijana huyu ameiva kiasi cha kuingizwa katika kikosi cha kwanza?

Swali hilo huwa gumu zaidi pale kijana mwenyewe anapokuwa beki. Mshambuliaji akikosea, timu hukosa bao. Beki akikosea, timu hufungwa. Ndiyo maana makocha wengi huona ni heri kumchezesha mkongwe aliyechoka kuliko kumwamini kijana ambaye bado hajajaribiwa.

Miongoni mwa maisha yanayolijibu swali hilo vizuri ni ya Bobby Moore, nahodha wa England iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1966. Wengi wanamfahamu kwa picha ile akiwa amebebwa mabegani na wenzake, kombe mkononi. Si wengi wanaofahamu namna alivyoipata jezi yake ya kwanza, na nani aliyeikosa ili yeye aivae.

Robert Frederick Chelsea Moore alizaliwa Aprili 12, 1941 katika mji wa Barking, mashariki mwa London, wakati Vita Kuu ya Pili ikiwa imepamba moto. Alikuwa mtoto pekee wa wazazi wake. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kituo cha kufulia umeme, na kijana alikulia katika nyumba iliyosisitiza usafi, nidhamu na utaratibu.

Hata alipoanza kung'ara katika soka la shule, hakuonekana kuwa na kipaji cha kutisha. Hakuwa na mbio. Hakuwa hodari wa kuruka mipira ya vichwa. Umbo lake la utotoni lilikuwa nene kidogo. Alipojiunga na West Ham United, maarufu kama Wagonga Nyundo, mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 15, walikuwapo vijana wenzake waliodhaniwa kuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufika mbali.

Aliyeona tofauti alikuwa Malcolm Allison, beki wa kati na nahodha wa timu ya wakubwa. Allison alikuwa mtu wa kuhoji kila jambo. Baada ya mazoezi, yeye na wachezaji wenzake walikuwa wakikusanyika katika mgahawa mdogo jirani na uwanja wa Upton Park, wakipanga vikopo vya chumvi na pilipili juu ya meza kuonyesha namna timu inavyopaswa kushambulia na kujilinda.

Jioni, Allison huyo huyo alikuwa akiwafundisha vijana wa klabu. Katika kundi hilo aligundua kuwa Moore alikuwa na kitu kisichofundishika kirahisi: alisikiliza, alikumbuka, na alitaka kujua sababu ya kila anachoambiwa.

Somo kubwa alilompa lilikuwa jepesi kulitamka lakini gumu kulitekeleza. Alimtaka ajiulize kila wakati, hata kabla mpira haujamfikia, kwamba endapo angeupata sasa hivi angempa nani. Kwa kijana asiye na mbio, somo hilo lilikuwa mkombozi. Anayejua mpira utakwenda wapi hana haja ya kuukimbiza, kwani atakuwa amekwishafika.

Mwaka 1957 mambo yalibadilika. Allison aligundulika kuwa na ugonjwa wa kifua kikuu, na madaktari wakalazimika kumfanyia upasuaji wa pafu. Akiwa nje ya uwanja, wenzake waliendelea na kazi aliyoianzisha, na mwaka 1958 West Ham ilitwaa ubingwa wa daraja la pili na kupanda hadi daraja la kwanza, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa la juu kabisa nchini humo.

Allison hakukata tamaa. Alirejea mazoezini na kupigania afya yake akiwa na lengo moja tu: kucheza japo mechi moja ya daraja la kwanza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake.

Nafasi ilionekana kumjia Septemba 8, 1958. Siku hiyo West Ham ilikuwa ikiikaribisha Manchester United, timu iliyokuwa ikijijenga upya baada ya ajali ya ndege ya Munich ya Februari mwaka huo. Kutokana na majeruhi, jezi namba 6 ilikuwa haina mwenyewe.

Katika mfumo wa enzi hizo, mchezaji wa namba hiyo alisimama upande wa kushoto jirani na beki wa kati, akisaidia kuzuia na kuanzisha mashambulizi. Waliokuwapo ni wawili: Allison, mwenye uzoefu lakini aliyetoka kuugua, na Moore, mwanafunzi wake, aliyekuwa na umri wa miaka 17 na hajacheza hata mechi moja ya ligi.

Kocha Ted Fenton alisita. Akaamua kumwuliza Noel Cantwell, beki wa kushoto raia wa Ireland aliyekuwa amechukua unahodha. Swali hilo lilimweka Cantwell mahali pagumu, kwa kuwa Allison alikuwa rafiki yake wa karibu na alijua fika namna alivyoililia mechi hiyo.

Cantwell aliweka urafiki kando. Alimtaja kijana.

Jioni hiyo, katika chumba cha kubadilishia nguo, Moore aliivaa jezi huku mwalimu wake akiwa mtazamaji. Miaka mingi baadaye, tayari akiwa nyota wa dunia, alikiri kwamba furaha ya siku ile ilichanganyika na uchungu, na kwamba nusura ampe Allison jezi hiyo aivae yeye. Hakufanya hivyo. Aliingia uwanjani, akacheza kwa utulivu uliowashangaza watazamaji, na West Ham ikashinda mabao 3-2.

Allison hakuipata tena nafasi hiyo. Aliondoka West Ham bila kucheza mechi hata moja ya daraja la kwanza. Baadaye alijipatia jina katika ukocha, na akishirikiana na Joe Mercer aliiwezesha Manchester City kutwaa ubingwa wa England mwaka 1968.

Kama simulizi ingeishia hapo, ingekuwa rahisi kusema kwamba kijana alikuwa ameiva na mzee alikuwa amekwisha. Hata hivyo, siku tano tu baadaye West Ham ilisafiri kwenda kucheza na Nottingham Forest, ikafungwa mabao 4-0, na Moore akakutana na upande wa pili wa soka la wakubwa. Washambuliaji walimpita, nafasi aliyoilinda ikawa njia, na utulivu uliosifiwa Jumatatu ukaonekana uzito Jumamosi.

Alirudishwa kikosi cha pili. Msimu huo wote wa 1958/59 alicheza mechi tano tu za ligi. Msimu uliofuata alicheza 13. Si mpaka msimu wa 1960/61 alipokuwa mchezaji wa kudumu, akicheza mechi 38.

Miaka hiyo miwili ya kungoja ndiyo iliyomjenga. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na vijana wengi waliosifiwa kwa mechi moja wameishia hapo hapo. Moore alirejea mazoezini bila kulalamika. Kasi asiyokuwa nayo aliifidia kwa kusoma mchezo, na vichwa alivyoshindwa kuruka alivifidia kwa kusimama mahali ambapo mshambuliaji hakupata nafasi ya kuruka. Alijifunza pia kukaba kwa kusubiri: kubaki wima, kumwacha adui aamue kwanza, kisha kuunyakua mpira.

Mwaka 1961 Ron Greenwood alichukua nafasi ya Fenton. Greenwood alikwishamfahamu Moore katika timu za vijana za England, na hakuwa na shaka naye. Mifumo ya uchezaji nayo ilikuwa ikibadilika, timu zikianza kutumia mabeki wawili wa kati badala ya mmoja, na nafasi hiyo mpya ilimfaa kuliko mtu mwingine yeyote.

Kuanzia hapo mlango ulifunguka. Mei 20, 1962 aliichezea England kwa mara ya kwanza, dhidi ya Peru mjini Lima, katika ushindi wa mabao 4-0. Mwezi huo huo alikuwa katika kikosi cha kwanza cha England kwenye fainali za Kombe la Dunia nchini Chile. Mei 29, 1963, dhidi ya Czechoslovakia mjini Bratislava, aliiongoza timu ya taifa kama nahodha akiwa na umri wa miaka 22 tu, wakati huo akiwa kijana kuliko nahodha yeyote aliyewahi kuiongoza England.

Mwaka 1964 aliiongoza West Ham kutwaa Kombe la FA baada ya kuifunga Preston North End mabao 3-2. Lakini mwishoni mwa mwaka huo alipatwa na saratani ya korodani na kufanyiwa upasuaji. Katika zama ambazo ugonjwa huo haukuzungumzwa hadharani, umma haukuambiwa. Alirudi uwanjani, na Mei 19, 1965 aliinua Kombe la Washindi la Ulaya katika uwanja wa Wembley, West Ham ikiilaza 1860 Munich mabao 2-0.

Julai 30, 1966 alirejea katika uwanja huo huo kwa mechi kubwa kuliko zote. England ilitanguliwa kufungwa na Ujerumani Magharibi. Moore aliangushwa, akainuka, akaangalia mbele na kuupiga haraka mpira wa adhabu kabla wapinzani hawajajipanga. Geoff Hurst akaumalizia kwa kichwa.

Dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza, England ikiongoza 3-2, mpira ulimfikia Moore karibu na lango lake. Beki mwingine angeubutua jukwaani kuokoa muda. Yeye aliutuliza, akainua kichwa, akamwona Hurst akiwa mbali mbele, akampelekea pasi ndefu. Hurst akafunga bao lake la tatu na la nne kwa England.

Lilikuwa lile lile somo la jioni za Upton Park: kujua utampa nani kabla mpira haujakufikia.

Alipopanda ngazi kupokea kombe, aliona glavu nyeupe za Malkia Elizabeth, naye akafuta mikono yake yenye tope kabla ya kumpa mkono. Malezi ya nyumbani Barking hayakuwa yamemtoka.

Mwaka 1970, akiwa njiani kuelekea fainali za Mexico, alizuiliwa kwa siku kadhaa mjini Bogotá akisingiziwa kuiba bangili, tuhuma ambazo hazikuthibitishwa. Aliachiwa, akajiunga na wenzake, na dhidi ya Brazil mjini Guadalajara akacheza mechi inayohesabiwa hadi leo kuwa mfano wa kazi ya beki. England ilifungwa 1-0, lakini picha ya Moore na Pelé wakibadilishana jezi imedumu kuliko matokeo yenyewe.

Naye zamu yake ilifika. Juni 1973, dhidi ya Poland mjini Chorzów, alinyang'anywa mpira na bao likafungwa. Timu hizo ziliporudiana Wembley Oktoba mwaka huo, Moore alikuwa benchi, akiishuhudia England ikikosa tiketi ya fainali za 1974. Kama Allison miaka 15 kabla yake, aliona jezi yake ikivaliwa na mwingine. Mechi yake ya mwisho ya taifa ilikuwa Novemba 14, 1973 dhidi ya Italia, ikiwa ya 108, na kati ya hizo alikuwa nahodha katika mechi 90.

Machi 1974 aliiaga West Ham baada ya kuichezea mechi zaidi ya 600, akahamia Fulham, aliyoifikisha fainali ya Kombe la FA mwaka 1975 na kufungwa na West Ham ile ile. Baadaye alicheza Marekani, na akafundisha timu ndogo kama Oxford City na Southend United. Klabu kubwa hazikumpa kazi, na miaka yake ya mwisho aliitumia katika utangazaji wa redio.

Februari 14, 1993 alitangaza kwamba alikuwa na saratani ya utumbo. Siku tatu baadaye alikuwa Wembley akitangaza mechi ya England na San Marino. Februari 24, 1993 alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 51.

Mwaka 2007 sanamu yake iliwekwa mbele ya Wembley mpya, na mwaka uliofuata West Ham ikaistaafisha jezi namba 6. Ndiyo jezi ile ile iliyokosa mwenyewe Septemba 1958.

Kwa kocha wa Tunduma anayemtazama beki kijana na kusita, maisha ya Moore yanaonyesha kwamba kuiva hakupimwi kwa mbio wala kwa mechi moja iliyokwenda vizuri. Manchester United ilionyesha kuwa kijana anaweza. Nottingham Forest ikaonyesha kuwa bado. Yote mawili yalikuwa kweli, na klabu iliyomwamini baada ya ushindi ilikuwa na subira ya kumwamini tena baada ya kipigo.

Na kwa mkongwe anayeitwa kumwachia kijana nafasi, upo mfano wa Allison. Hakuipata mechi aliyoililia, lakini somo lake lilifika Wembley.