SEWA HAJI NA WAUGUZI WETU

Ukitoka Kariakoo kwenda Muhimbili kumtazama mgonjwa, huenda ukaelekezwa jengo la Sewahaji. Wengi tunalitaja jina hilo bila kujua kwamba lilikuwa la mtu.

Sewa Haji Paroo alizaliwa mwaka 1851, katika jamaa ya wafanyabiashara Waislamu wenye asili ya Bara Hindi. Alitajirika kwa kuipatia misafara ya bara bidhaa na wapagazi. Hata hivyo hakuwasahau wanyonge. Bagamoyo alitoa jumba la shule kwa sharti kwamba lipokee watoto wa kila rangi. Hapa Dar es Salaam alitoa fedha ijengwe hospitali ya Waafrika na Wahindi. Alifariki mwaka 1897, mwaka ule ule hospitali ilipokamilika. Ilihudumia watu zaidi ya miaka hamsini, mpaka ilipofunguliwa hospitali mpya mwaka 1956, ambayo leo ni Muhimbili.

Yule Msamaria mwema aliacha fedha, akaendelea na safari. Mwenye nyumba ya wageni ndiye aliyebaki na majeruhi. Vivyo hivyo, Sewa Haji alitoa mali yake, na wauguzi ndio waliobaki na wagonjwa. Wao hukesha, hufunga vidonda, humgeuza na kumwosha asiyejiweza, bila kuuliza dini wala kabila. Majina yao hayakuandikwa ukutani.

Basi, ukienda wodini, usiwe mwepesi wa kulaumu. Msalimu muuguzi kwa heshima, nawe umshukuru.