Bwana Siebold na Mmea Uliopewa Nishani

Likizo iliyopita nilikwenda kumwamkia mjomba wangu karibu na Mwanza, nikavutwa na maua ya zambarau ya magugu maji ziwani. Nikatia miche miwili katika kopo ili nije niipande katika bwawa la shule. Mwalimu wetu wa Baiolojia alipoiona aliniamuru niianike juani mpaka ikauke kabisa, kisha nisome habari za Philipp Franz von Siebold. Nami nawaletea habari hizo, wasomaji.

Bwana huyu alizaliwa Würzburg, Ujerumani, mwaka 1796, akasomea udaktari. Mwaka 1823 Waholanzi walimpeleka katika kituo chao cha Dejima, kisiwa kidogo mbele ya Nagasaki. Siku zile Japani ilikuwa imewafungia mlango Wazungu wengine wote. Siebold aliwatibu wenyeji na kuwafundisha vijana udaktari, nao wakamletea mimea ya kwao. Mwaka 1828 alikutwa na ramani za nchi, jambo lililokatazwa vikali, na mwaka uliofuata akafukuzwa. Alimwacha Taki na binti yao Ine, mtoto wa miaka miwili. Ine naye alikuja kuwa daktari, lakini habari zake zastahili ukurasa wake.

Siebold akakaa Leiden, Uholanzi, akiuza mimea ya Kijapani. Mmoja ni itadori, wenye maua meupe madogo madogo. Mwaka 1847 mmea huo ulipewa nishani ya dhahabu huko Utrecht; mwaka 1850 akaupeleka bustani ya Kew, London.

Kwao Japani itadori huliwa na wadudu na kuuguzwa na ukungu, basi haupiti kiasi. Adui hao hawakusafiri nao. Kipande kidogo cha mzizi kikitupwa pamoja na udongo huchipua, hivyo ukaenea kandokando ya mito na reli, hata ukapenya nyufa za lami. Ajabu ni kwamba karibu itadori yote ya Uingereza ni ya kike, tena ni mmea mmoja tu uliogawanyika vipande vipande. Mwaka 1981 sheria ilikataza kuupanda porini. Mwaka 2010 Waingereza wakaruhusu mdudu kutoka Japani aletwe kuufyonza.

Siebold alifariki Munich mwaka 1866 bila kuyaona hayo. Mimi simlaumu sana, kwani hakuwa na wa kumwonya. Lakini mimi niliwaona wavuvi wakihangaika kupitisha mitumbwi katikati ya magugu yale yale, na bado nikajaza kopo langu.

Miche ile niliianika juu ya bati. Siku ya tatu nilipoikata, ndani ilikuwa bado mibichi.