Xu Xiake, Msafiri wa Uchina

Watu wengi wakisikia habari za wasafiri wakuu hudhani kwamba sharti msafiri avuke bahari, aende kwa mataifa mageni. Xu Xiake hakufanya hivyo. Kwa muda wa miaka zaidi ya 30 alisafiri katika nchi yake mwenyewe ya Uchina, na hata alipokufa alikuwa hajaimaliza.

Alizaliwa mwaka wa 1587 huko Jiangyin, karibu na mto mkubwa wa Yangtze. Wazee wake walikuwa na mashamba na vitabu vingi. Siku zile kijana wa ukoo kama huo alisoma ili ashinde mtihani wa serikali, apate kazi na cheo. Xu hakutamani cheo. Alipenda vitabu vilivyoeleza habari za milima, mito na majimbo ya mbali, na hamu yake ilikuwa kuyaona kwa macho yale aliyoyasoma.

Alipokuwa kijana baba yake alifariki. Desturi ya Wachina ilimtaka mtoto asiende mbali wakati mzazi wake yu hai. Kwa hiyo Xu aliizuia hamu yake, akakaa kumtunza mama. Lakini mama huyo, aliyezoea kufuma nguo kwa mikono yake, alimfahamu mwanawe. Alimweleza kwamba haifai mwanamume akae nyumbani kama ndege aliyefungiwa tunduni, kisha akamtengenezea kofia ya safari. Basi Xu akaanza kutembea. Kila mara alirudi nyumbani, akaketi na mama yake na kumsimulia aliyoyaona. Mwaka wa 1624, mama alipokuwa na umri wa miaka karibu 80, alifuatana naye katika safari fupi, ili mwanawe aone kwamba angali na nguvu, asiache kusafiri kwa ajili yake. Mwaka uliofuata mama akafa.

Xu hakusafiri kwa haraka. Akisikia kwamba kuna pango au maporomoko ya maji mahali fulani, aliiacha barabara nzuri akashika njia ya miiba. Alilala katika nyumba za watawa na vibanda vya wakulima. Hata kama amechoka sana, jioni aliandika katika daftari yake mambo ya siku ile: njia aliyopita, umbo la mlima, miti, mawe, na mahali yanapotoka maji.

Mwaka wa 1613 alifika milima ya Yandang. Vitabu vilisema kwamba juu ya milima hiyo kuna ziwa, na kwamba maporomoko makubwa yaliyo chini hupata maji yake humo. Xu akapanda na watumishi wake mpaka njia ikakatika, chini yao genge tupu. Wakafungua vitambaa vilivyofungwa miguuni, wakaviunganisha kuwa kamba, na Xu akashuka. Huko chini hakuona pa kupita. Alipotaka kurudi juu, mwamba ukaikata kamba! Wakaifunga tena, naye akapanda kwa shida nyingi. Akaenda zake bila kuliona ziwa, wala hakulisahau. Mwaka wa 1632 alirudi, akalifikia, akaona kwamba maji yake hutelemka upande mwingine kabisa. Waandishi wa zamani walikuwa wamekosea.

Safari yake kubwa kuliko zote ilianza mwaka wa 1636, kwenda Yunnan, kusini-magharibi ya nchi. Alifuatana na mtawa wa dini ya Buddha jina lake Jingwen, na mtumishi wake Gu. Jingwen alikuwa amenakili kitabu cha dini kwa damu yake mwenyewe, akitaka kukiweka katika mlima mtakatifu wa Jizu. Mwanzoni mwa mwaka wa 1637, usiku, wanyang'anyi waliishambulia jahazi yao katika mto wa Xiang, wakaitia moto. Xu alijitupa majini akaokoka, lakini fedha na nguo zilipotea. Jingwen alijeruhiwa, na hata hivyo aliviokoa vitabu. Rafiki wakamsihi Xu arudi kwao. Yeye akakopa fedha, akaendelea.

Miezi michache baadaye Jingwen akafa katika mji wa Nanning. Xu akaichukua mifupa ya mwenzake pamoja na kile kitabu, akavuka navyo milima na mito ya majimbo matatu, hata mwanzoni mwa mwaka wa 1639 akaufikia mlima wa Jizu, akamzika huko alikotaka kwenda. Mwaka ule ule Gu alimwibia mali yake akatoroka. Watu walitaka kumfuata, Xu akawakataza.

Hata katika taabu hizo furaha yake haikupungua. Aliingia katika mapango mengi kwa mwanga wa mienge, akatambua kwamba mawe yaning'iniayo darini hufanywa na maji yanayodondoka tone kwa tone. Aliufuata pia mto wa Jinsha, akaeleza kwamba huo ndio mwanzo wa Yangtze, wala si mto wa Min, kama wataalamu walivyoamini tangu kale. Naye alisema kweli.

Mwishowe miguu yake iliugua, asiweze kutembea. Mtawala wa Lijiang akawapa watu amri wamchukue kwa machela, wakamfikisha kwao mwaka wa 1640. Alifariki mwaka wa 1641. Rafiki zake walikusanya daftari zake. Nyingine zilipotea katika vita, na zilizobaki zilipigwa chapa mwaka wa 1776. Tangu mwaka wa 2011 Wachina huadhimisha siku ya utalii kila tarehe 19 Mei, kwa kuwa hiyo ndiyo tarehe ya ukurasa wa kwanza wa habari zake za safari.

Xu Xiake hakutumwa na mfalme, wala hakutafuta dhahabu. Aliupanda mlima kwa kuwa alitaka kujua kilichoko nyuma yake. Hata mtoto wa shule aweza kuanza hivyo, kwa kuuliza mto anaouvuka kila asubuhi watoka wapi, kisha kwenda kutazama.