Barbara Jordan, seneta aliyesubiri ramani ichorwe upya

Barbara Jordan alizaliwa Houston, Texas, Februari 21, 1936, binti wa mchungaji wa Kibaptisti. Mwanasheria huyo aligombea Baraza la Wawakilishi la Texas mwaka 1962 na tena 1964, akashindwa mara zote mbili. Kura za watu weusi alizizoa, lakini wagombea walipigiwa kura na kaunti nzima ya Harris, na humo Wazungu walikuwa wengi.

Mwaka huo huo wa 1964, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba wilaya za uchaguzi za mabunge ya majimbo zilingane kwa idadi ya watu. Ramani ikachorwa upya, na mtaa wake wa Fifth Ward ukawekwa katika wilaya ya 11 ya Seneti. Wakazi walikuwa wale wale. Mstari ndio uliohama. Mwaka 1966 Jordan alishinda, akawa mtu mweusi wa kwanza katika Seneti hiyo tangu 1883 na mwanamke pekee kati ya maseneta 31.

Mwaka 1972 maseneta wenzake walimchagua kuwa rais wa muda wa Seneti, na Juni 10 alikaimu ugavana kwa siku moja. Novemba akachaguliwa kuingia Bunge la Marekani, ambako hotuba yake ya 1974 kuhusu kumshtaki Rais Nixon ilisikika nchi nzima. Alifariki Januari 17, 1996, mjini Austin.