Daktari Paul Ehrlich na Rangi Zake
Daktari Paul Ehrlich alikuwa Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1854. Mwaka 1886 alieleza kuwa rangi iitwayo buluu ya methilini hushika mishipa ya fahamu iliyo hai. Akawaza: kama rangi huchagua, dawa nayo ichague, iue kijidudu, imwache mgonjwa. Haja ilikuwa kubwa. Mwaka 1906 na 1907, visiwani Ssese, Uganda, wagonjwa wa malale walitibiwa kwa atoksili. Baadhi yao wakapofuka. Ehrlich na wenzake walijaribu mamia ya dawa za jamii hiyo, na mwaka 1910 ikatoka Salvarsan, dawa ya kaswende. Alifariki mwaka 1915. Leo rangi zing'aazo huonyesha hata umeme wa utando wa seli hai. Nitiapo tone la buluu chini ya hadubini hapa Cyangugu, namshukuru.