Marehemu Paul Bomani na Mizani ya Pamba

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, sisi wa Busisi tumeona yafaa kuwakumbusha wanachama habari za marehemu Bwana Paul Bomani, mwana wa mchungaji, aliyezaliwa Musoma mwaka 1925 na kufariki mwaka 2005.

Baada ya masomo ya Ikizu alikuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Hapo ndipo alipoiona dhuluma kwa karibu. Bei ya pamba ilitangazwa na Serikali, na kila mtu aliijua. Lakini bei njema yafaa nini iwapo mizani ni ya mnunuzi, karani ni wa mnunuzi, na mkulima hajui kusoma namba? Ratili zilipotea machoni pa mwenyewe. Akina Bomani wakaweka wapimaji wao kwenye magulio, ili mkulima aujue uzito wa mzigo wake kabla haujafika kwa mnunuzi.

Mwaka 1952 aliongoza kuundwa kwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, kisha akaenda kusomea ushirika Loughborough, Uingereza. Ni katika nchi hiyo, mjini Rochdale, watu 28, miongoni mwao wafumaji wa nguo, walipofungua duka lao mwaka 1844, wakiwa wamechoshwa na unga uliochanganywa takataka na vipimo vya uongo. Mlaji wa Rochdale na mkulima wa Busisi, basi, walikuwa na adui mmoja.

Mwaka 1955 shirikisho la vyama, Victoria Federation, lilianza naye akiwa meneja mkuu. Baadaye alikuwa Waziri wa Fedha, na balozi wetu Marekani.

Haifai kuficha kwamba mwaka 1965 wapiga kura wa Mwanza walimnyima kiti, na kwamba mwaka 1966 kamati ya Rais iliwakuta baadhi ya makatibu wa ushirika wakiwaibia wakulima. Safari hii mizani ilikuwa yetu wenyewe, na karani alikuwa ndugu yetu. Sisi tunaoshika vitabu leo twasoma habari hiyo kwa haya.

Mwanachama atakayetilia shaka uzito wa pamba yake na aombe ipimwe tena mbele yake, kabla hajapokea stakabadhi.