Anders Celsius na Kipimo Kilichopinduliwa

Anders Celsius alizaliwa tarehe 27 Novemba 1701 katika mji wa Uppsala, nchini Uswidi, katika ukoo wa wanazuoni. Baba yake, Nils, alikuwa profesa wa falaki, na babu zake wote wawili walifundisha katika chuo kikuu cha mji huo. Anders mwenyewe alipata uprofesa wa falaki mwaka 1730. Mwaka 1736 alifuatana na msafara wa Mfaransa Maupertuis hadi Lapland, kaskazini ya mbali, ambako vipimo vya ardhi vilithibitisha kwamba dunia ni bapa kidogo penye ncha zake.

Zama hizo vipimajoto vilitiwa alama kwa namna nyingi, hata hesabu ya kimoja haikulingana na ya kingine. Celsius alitafuta alama zisizobadilika. Kwa majaribio alibaini kwamba theluji huyeyuka kwa joto lile lile popote ilipo, ilhali joto la kuchemka kwa maji hutegemea kanieneo ya hewa. Mwaka 1742 aliwasilisha kwa Akademia ya Sayansi ya Uswidi kipimo chenye alama mbili, yaani kuganda kwa maji na kuchemka kwake katika kanieneo maalumu. Nafasi iliyo kati aliigawa sehemu 100.

Hata hivyo, kuchemka alikupa 0, na kuganda 100. Kipimajoto cha Delisle, alichokwisha kukitumia, nacho kilihesabu kwa kushuka vivyo hivyo. Mwili wa mtu mwenye afya, ambao leo husomwa nyuzi 37, katika kipimo chake ungesomwa 63.

Celsius alifariki kwa kifua kikuu tarehe 25 Aprili 1744, akiwa na umri wa miaka 42. Muda mfupi baadaye, huko huko Uppsala, kipimo kilipinduliwa: kuganda kukawa 0, kuchemka 100. Kiliitwa sentigredi hadi mwaka 1948, mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo ulipokipa jina lake. Kwa hiyo, mfasiri akutanaye na sentigredi katika maandishi ya zamani huandika selsiasi bila kugusa tarakimu.

Kupata farenhaiti, selsiasi huzidishwa kwa 9, hugawanywa kwa 5, kisha huongezwa 32. Kupata kelvini, huongezwa 273.15, na neno nyuzi halitumiki. Lakini 32 na 273.15 huonyesha tu mahali hesabu inapoanzia. Katika tofauti ya halijoto haziingii. Halijoto ya nyuzi 10 za selsiasi ni nyuzi 50 za farenhaiti, bali ongezeko la nyuzi 10 za selsiasi ni ongezeko la nyuzi 18 za farenhaiti, au la kelvini 10. Mfasiri aandikaye kwamba joto limepanda kwa nyuzi 50 amechanganya mambo mawili ambayo Celsius aliyatenga: alama ya kuanzia na ukubwa wa kila hatua.